Anayejua Mlango Ulipo

Likasi, mji wetu hapa Katanga nchini Kongo, haina uhaba wa watu wa kusaidia. Parokia zina kamati za Caritas, kina mama wa shirika hutembelea wagonjwa, Wamethodisti na Wapentekoste huchangia mazishi, misikiti hugawa zaka, na likelemba, mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, huzunguka sokoni. Kilicho adimu ni kujua. Nani anatoa unga, siku gani, kwa sharti gani, na ofisi yake iko komuni ya Panda au ya Kikula: hayo huyajua mwenye shemeji kwenye kamati. Asiye na shemeji hulala njaa mitaa miwili kutoka penye gunia. Wazo la kutengeneza tovuti inayoonyesha misaada yote ya mji huonekana kuwa kazi ya mafundi wa kompyuta. Mimi naliona kuwa swali la dini: habari ya mlango wa msaada ni mali ya nani?

Mji huu uliwahi kuwa na jibu lake. Union Minière, kampuni ya madini iliyoanzishwa mwaka 1906, ilimpa mfanyakazi nyumba, posho ya unga, hospitali na shule ya watoto, hata watu wakasema kazi ndiyo baba na mama. Ilipotaifishwa mwaka 1967, na baadaye ikaitwa Gécamines, desturi hiyo iliendelea. Mtu hakuhangaika kutafuta msaada. Namba yake ya kazi ilitosha. Lakini baba huyo aliwajua walioandikwa kwenye daftari lake tu, na alipoanguka hakumrithisha mtu daftari. Shaba iliyozidi tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ilishuka hadi karibu tani 30,000 mwaka 1994, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari. (Hiari ya mtu ambaye hajaona mshahara kwa miezi na miezi ni neno la kupimwa.) Ujuzi uliokuwa wa ofisi ukarudi mikononi mwa ndugu na marafiki.

Basili wa Kaisaria, askofu wa karne ya 4, alifundisha kwamba chakula kinachofungiwa ghalani kimekwisha kuwa cha mwenye njaa. Tomaso wa Akwino naye alisema kuwa dhiki kubwa huifanya mali kuwa ya wote. Nadhani hoja yao inabana zaidi ikihamishiwa kwenye habari. Mkate ukigawanywa hupungua, na mwenye nao anaweza kujitetea kwamba ana watoto. Habari haipungui, anayeijua akanyamaza hana cha kujitetea. Tena katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6, wajane waliozungumza Kiyunani walisahauliwa katika mgao wa kila siku huko Yerusalemu. Chakula kilikuwepo. Mitume hawakutoa hotuba ya ukarimu. Walitaka wachaguliwe watu saba wa kusimamia mgao, wakawawekea mikono, maana hata ukarani wa unga ni utumishi mtakatifu.

Wapo watakaosema sadaka hufanywa kwa siri. Injili ya Mathayo inamkataza mtoaji kupiga tarumbeta, na Sura ya Al-Baqara, ingawa inaikubali sadaka ya wazi, inaipendelea ile inayofichwa ikamfikia fukara. Ni kweli, lakini siri hiyo inamlinda nani? Sura hiyohiyo inawataja maskini ambao mjinga huwadhania matajiri kwa sababu hawaombi kwa kung'ang'ania. Mtu wa namna hiyo hawezi kupanga foleni parokiani mbele ya majirani akiuliza nani anatoa nini. Kwenye simu atasoma usiku, peke yake. Basi tovuti iitangaze milango, na isiandike jina la mhitaji hata mmoja, wala kabila lake, wala alikotoka. Katika mji huu hilo ni suala la uhai. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa hapa, familia zikakaa stesheni ya reli miezi mingi zikisubiri treni. Waliokuwa majirani jana walipangwa upya kwa asili zao. Daftari la wanyonge likiwa tayari, hakuna ajuaye litaokotwa na nani.

Pingamizi la pili lina heshima yake hapa Katanga. Padre Placide Tempels, Mfransisko aliyetoa kitabu chake cha falsafa ya Kibantu mwaka 1945, alizaa pia Jamaa, vuguvugu la Wakatoliki ambalo mafundisho yake yalisimama juu ya uzima, uzazi na mapendo. Kwa mtazamo huo binadamu ni mahusiano, na msaada usio na kukutana ni nusu ya msaada. Nakubali. Ila tovuti haitoi unga. Inamfikisha mtu mlangoni, na mlangoni yupo mtu. Mapendo yasiyojulikana yanapokaa hayamkutanishi mtu na mtu.

Linalonisumbua kweli ni la tatu: umeme unakatika, mega zinagharimu, na bibi wa Shituru huenda hana simu ya kufungua ukurasa. Silipuuzi. Kurasa ziwe nyepesi, kwa Kiswahili tunachokisema badala ya Kifaransa cha ofisini, na orodha ichapwe na kubandikwa parokiani, msikitini na sokoni, ili mjukuu amsomee bibi yake. Zaidi ya hapo kuna deni la ukweli. Namba iliyokufa ni kero ndogo kwa mwenye gari. Kwa aliyetembea kutoka Kikula hadi Panda na mtoto mgongoni ni uongo uliomlia siku nzima. Kwa hiyo nawaomba watakaoianza kazi hii wasishindane kwa wingi wa majina. Milango ishirini iliyopigiwa simu juma hili inatosha kuanzia, na uliofungwa ufutwe siku hiyohiyo.