Miaka ya Safari

ALHAMISI

Soma Mwanzo 47:7-10. Farao alimwuliza Yakobo jambo gani? Yakobo aliyaelezaje maisha yake?

Farao aliuliza umri tu, lakini Yakobo akajibu habari za safari: miaka 130, tena yenye taabu. Alikuwa amemkimbia ndugu yake, akatumika Harani miaka 20, akarudi akichechemea, akamzika Raheli njiani.

Nilikumbuka jibu hilo Ijumaa moja ya Januari, nikiwa pwani ya Ghuba ya Bothnia, kaskazini mwa Finland. Maji ya huko yana chumvi kidogo, na wakati wa baridi huganda hata watu wakatembea juu ya bahari. Mimi ni mtoto wa Mzenga, niliyezaliwa reli ya TAZARA ikijengwa. Sikuwahi kuona jambo kama hilo. Jua lilizama kabla ya saa kumi alasiri. Sabato ikaingia pale, ilhali nyumbani jua lilikuwa bado juu.

Mwenyeji wangu akaniuliza nimesafiri miaka mingapi katika kazi ya elimu ya kanisa. Nikajibu, "Ishirini na sita." Nikaanza kumhesabia shule, makambi na semina, kisha nikanyamaza. Katika miaka hiyo mama yangu alifariki nikiwa safarini; nilifika kaburi limekwisha kufunikwa. Watoto wangu walijifunza kusoma bila mimi, nami nilikuwa nimekwenda kuwahimiza wazazi wengine wawasomeshe watoto wao.

Soma Zaburi 139:7-10. Fungu hili lina faraja gani kwa aliye mbali, na kwa aliyeachwa nyumbani?

Siku zote nilijisomea fungu hili kama msafiri. Jioni ile nililisoma kwa ajili ya waliobaki. Mungu aliyenishika penye barafu ndiye aliyekuwa kando ya kitanda cha mama siku ambayo mimi sikuwapo. Sasa amelala, akingoja parapanda (1 Wathesalonike 4:13-17).

Hata hivyo, uaminifu wa Mungu haufuti deni langu kwa watu wa nyumbani mwangu (1 Timotheo 5:8). Sabato ilipoingia Tanzania nilimpigia simu mwanangu wa kwanza, nikamwomba msamaha. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Baba, tunakusubiri. Ukifika tutafungua Sabato pamoja."

Soma Waebrania 11:13-16. Wasafiri hawa walikuwa wakitafuta nini?

Hawakusifiwa kwa wingi wa nchi walizopita. Walisifiwa kwa kuwa waliitamani nchi iliyo bora. Atakayefika huko hatapenda kufika peke yake.

Tafakari: Je, kuna mtu wa nyumbani mwako aliyebeba gharama ya utumishi wako? Utamwambia nini kabla jua la Ijumaa hii halijazama?