Nguo za Boksi la Pili

Mwanasesere hana uhai, lakini sarufi ya Kiswahili humpa upatanisho wa viumbe hai, ikasemwa kuwa ameanguka au amechanika, kana kwamba lugha imekubaliana na mtoto anayemchezea. Biashara ya Marekani ya mwishoni mwa karne ya 19 ilikwenda kinyume: ilimchukua mtu, ikamfanya karatasi. Kromolitografia, yaani uchapaji wa picha za rangi kwa mawe, kila rangi na jiwe lake, ilikuwa imeshusha gharama kiasi cha kuwawezesha wauza kahawa, nyuzi na unga kutoa wanasesere wa karatasi pamoja na bidhaa zao.

Miongoni mwa wanasesere hao ilikuwamo familia ya Aunt Jemima, mhusika wa kubuniwa wa matangazo, iliyotolewa mnamo 1895 na kiwanda cha R. T. Davis cha St. Joseph, Missouri, kutangaza unga wa chapati za maji. Wazazi na watoto, wote Weusi, walichorwa pekupeku wakiwa na matambara, hali iliyotajwa kuwa ya kabla ya kuuza siri ya mapishi yao. Aliyetaka kuwavisha nguo za heshima, za baada ya mauzo, alipaswa kununua boksi jingine. Nancy Green, aliyeigiza Aunt Jemima katika maonyesho ya Chicago ya 1893, alizaliwa utumwani Kentucky, kwa hiyo sheria ilikwisha kumpa bei kabla ya tangazo kumpa jina.

Mwaka 1785 mwanafalsafa Kant alitofautisha bei na hadhi: chenye bei huweza kufidiwa kwa kingine, chenye hadhi hakina mbadala. Yamkini mtu akajibu kwamba Jemima ni wa kubuniwa na karatasi haiumii, na jibu hilo si la kupuuzwa. Ila mchezo huufundisha mkono, na hapa mkono wa mtoto ulizoea heshima inayotundikwa mabegani kwa vikunjo vya karatasi na kuvuliwa mchezo ukiisha. Katika Kiswahili anayeambiwa hana utu si aliyevaa matambara, bali anayemdhalilisha mwenziwe, na kwa kipimo hicho upungufu haukuwa upande wa waliochorwa.

Jina la Aunt Jemima liliondolewa kwenye maboksi mwaka 2021. Karatasi za namna hii zingali zikiuzwa kwa wakusanyaji wa vitu vya kale, ambao kwa kawaida hulipa zaidi kwa zile zisizowahi kukatwa, ambazo hakuna mtoto aliyezivisha chochote.