Aliyeshika Sahani

Kwenye rafu ya juu ya kibanda changu, hapa Kalemie nchini Kongo, kuna redio ndogo nyeusi ya mawe manne ambayo mwenyewe hajaifuata tangu Desemba 2023. Ilishapona. Waya wa spika ulikuwa umeachia, tone moja la risasi likatosha. (Nasema risasi ya kuunganishia waya, huku kwetu ni vizuri kufafanua.) Watu huniuliza bei yake, nawajibu kwamba haiuzwi, ina mwenyewe.

Siku sita za juma mimi ni fundi wa redio na simu. Siku ya saba ni katekista, na Jumatano jioni nafundisha watu wazima wanaojiandaa kubatizwa. Miaka mingi kazi hizi mbili zilikaa ndani yangu kama wapangaji wa ua mmoja: wanasalimiana asubuhi, basi. Zilikutana siku ile ya redio nyeusi, na tangu hapo hazijaacha kugombana.

Ulikuwa wakati wa kampeni ya urais. Ilifunguliwa tarehe 19 Novemba, ikafungwa tarehe 18 Desemba, na mwezi huo mzima hakuna mteja aliyeniambia nizime redio. Kinshasa wanao wabunge wao wa kusimama, wale wanaobishana mbele ya meza za magazeti. Huku magazeti ni adimu, kwa hiyo sisi tunasimama mbele ya spika. Asubuhi ni Radio Okapi, ambayo tangu 2002 imetuzoesha habari zenye pande mbili, fulani akisema hivi anatafutwa na mwenziwe aliyesema vile. Lakini kilichojaza kibanda hakikuwa habari. Kilikuwa kipindi cha simu, kwenye stesheni ambayo sitaitaja, maana kosa ninalotaka kulieleza ni langu.

Kipindi cha simu unakijua hata ukiwa mbali. Mtu anapiga, yunite zake zinakwisha, hivyo anasema haraka kama anayekimbia mvua. Kabla hajaanza unasikia mlio unaotia ganzi meno, kwa sababu redio yake mwenyewe iko karibu na simu, na mtangazaji anaomba jambo lilelile kila mara: "Papa, punguza kwanza redio yako. Punguza redio, ndipo uongee." Ombi hilo tumelisikia mpaka watoto wa jirani wanalifanyia mchezo.

Neno la mwaka ule lilikuwa "kandida wa wageni". Rais Félix Tshisekedi mwenyewe alilibeba kutoka jukwaa moja hadi jingine, na kila mtu alijua jiwe linarushwa upande gani: kwa Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wetu kuanzia 2007 hadi 2015, enzi jimbo letu la Tanganyika likiwa bado sehemu ya Katanga, na ambaye baba yake alitoka Ugiriki. Tangu 2021 kulikuwapo pia lile pendekezo la sheria la Noël Tshiani, kwamba urais uwe wa mtu ambaye baba na mama wote wawili ni Wakongomani. Na waasi wa M23 walikuwa wakipigana Kivu ya Kaskazini. Tia hayo yote kwenye sufuria moja, ukoroge, na anayepiga simu hana tena haja ya kutaja jina la Katumbi wala la yeyote. Anasema tu "hao". Hao wako katikati yetu. Hao tunakula nao.

Kijana mwenye redio nyeusi aliuza maziwa ya mgando. Alikuwa mzaliwa wa Vyura, kule milimani upande wa Moba, ambako Banyamulenge, Watutsi wa Kongo, wanafuga ng'ombe, na Kiswahili cha hapa alikijua kunishinda. Alikuwa amesimama anangoja, mkono mmoja juu ya dumu lake, skrubu nne za redio yake zikiwa ndani ya kisoda mezani pangu. Mpigaji alipofika kwenye "hao", mtu mmoja kibandani alicheka, mwingine akasema, "Sema, papa, sema!" Mimi sikusema neno. Nilinyosha mkono, nikaongeza sauti.

Nimejiuliza kwa nini. Sikumchukia, maziwa yake nilikuwa nanunua. Nadhani ni kwa sababu kibanda kilikuwa kimejaa, na fundi hupenda kibanda kijae. Na pia, nisifiche, kuna utamu. Tusi likitolewa na sauti isiyo na uso, unalionja bila kulipika. Kijana hakuitazama spika, wala hakuwatazama waliocheka. Alitazama vidole vyangu kwenye kitufe. Kisha akasema, "Fundi, nitarudi kesho," akainua dumu lake.

Katika sala ya kuungama mwanzoni mwa Misa tunataja mawazo, maneno, matendo na yale tuliyoacha kuyatimiza. Sikio halimo. Nimewafundisha watu sala hiyo miaka na miaka bila kuuona huo upungufu. Kusikiliza ni kipi kati ya hivyo vinne? Wazo lilikuwa la mwingine. Neno pia lilikuwa la mwingine. Na kama ni tendo, ni tendo gani hilo la mtu aliyeketi kwenye kigoda chake na bisibisi mkononi?

Mompe, padri wa parokia yetu, alinifungulia Katekisimu kwenye amri ya nane, namba 2477. Pale kuna makosa matatu. Kumsingizia mtu ni moja. Kutangaza kosa lake la kweli bila sababu ya haki ni la pili. La tatu ndilo lililonikalisha chini: kukubali, hata kimyakimya, bila msingi wa kutosha, kwamba jirani yako ana hatia. Hata kimyakimya! Kumbe amri ya ushuhuda wa uongo mtu anaweza kuivunja akiwa amefumba mdomo. Shahidi wa uongo hafiki mbali bila hakimu wa kumpokea, na siku ile hakimu alikuwa mimi, hukumu nikaitoa kwa kidole.

Jirani yangu wa kulia ni fundi cherehani, Mwislamu. Nilipomsimulia alinikumbusha jinsi Kurani inavyofananisha kusengenya na kula nyama ya ndugu yako aliyekufa. "Yule wa kwenye simu alikuwa anakula," akaniambia. "Wewe ulimshikia sahani." Akarudi kwenye suruali yake.

Wengine nikiwaeleza haya wananijibu kwa Rwanda ya 1994 na redio RTLM iliyochochea mauaji. Mfano huo ni wa kweli, lakini ni mkubwa mno kwa kibanda kama changu. Mtu akijipima na RTLM anatoka msafi kama aliyetoka kuoga ziwani: mimi sikusoma majina ya watu, mimi sikushika panga. Inayonisumbua ni mifano midogo, ile ambayo hata mahakimu ilipowafikia mikononi hawakuiweza. Joshua arap Sang, mtangazaji wa Kass FM huko Kenya, alishitakiwa mahakamani The Hague kwa vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Aprili 2016 majaji walio wengi wakaifunga kesi: hawakumtia hatiani, wala hawakumtangaza kuwa hana hatia. Kwetu hapa, Abdoulaye Yerodia alituhumiwa kwa hotuba za Agosti 1998 zilizowafananisha Watutsi na wadudu wa kuangamizwa. Ubelgiji ikatoa hati ya kumkamata mwaka 2000, na mwaka 2002 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaamuru hati hiyo ifutwe, kwa kuwa ilipotolewa alikuwa waziri wa mambo ya nje. Ikiwa mdomo wenyewe unawapa majaji tabu namna hiyo, nani atalishitaki sikio?

Mompe ndiye aliyenisimulia pia habari za padri wa Marekani, Charles Coughlin, wa parokia moja karibu na Detroit. Alianza kuhubiri redioni mwaka 1926. Miaka michache baadaye mamilioni walikuwa wanamsikiliza kila Jumapili, na mahubiri yakawa siasa: mwaka 1932 alimpigia debe Roosevelt, mwaka 1936 akasimamisha chama cha kumpinga, kandida wake akaanguka vibaya. Kufikia 1938 alikuwa anawashambulia Wayahudi. Mwaka 1942 askofu wake alimwamuru anyamaze, naye akatii, akaendelea na parokia yake hadi 1966. Mompe alinisimulia ili kunionyesha kwamba Kanisa hatimaye hulifunga domo la namna hiyo. Mimi nikamuuliza: na wale mamilioni? Askofu alimnyamazisha mtu mmoja. Wale waliokuwa wanasogeza viti karibu na redio kila Jumapili, nani aliwaungamisha? Mompe alikunywa maji, akasema tutaongea siku nyingine.

Mke wangu ana jibu fupi: zima. Hilo siliwezi, na si kwa ajili ya mkate tu. Nakumbuka tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilipokatwa nchi nzima. Siku zilizofuata nililetewa simu nyingi kuliko za mwezi mzima. Mama mmoja muuza dagaa alikuja na yake ameifunga kwenye pindo la kitenge. "Papa Fundi, imekufa." Niliifungua mbele yake, nikaifunga. "Haina ugonjwa, mama. Wamefunga huko juu." Alinitazama kwa huruma, kama fundi aliyeshindwa kazi. Kinshasa walikuwa wamezima hata matangazo ya redio ya RFI. Mwanzoni mwa Januari maaskofu wetu, waliokuwa wametawanya waangalizi karibu 40,000, walitangaza kwamba hesabu zao zinamwonyesha mshindi waziwazi, ila jina hawakulitaja. Hadi matokeo yaliposomwa usiku wa kuamkia tarehe 10, kila mtu hapa Kalemie alikuwa na jina lake la kujaza nafasi ile, na kila jina lilikuwa na shemeji aliyefanya kazi mahali fulani akalithibitisha. Sikio likilala njaa huamka likiokota hata maganda.

Kwa hiyo sikuzima. Ninachofanya siku hizi ni kidogo mpaka naona haya kukiandika. Mpigaji akifika kwenye "hao", nauliza kwa sauti, mbele ya wateja: "Akina nani?" Wengine wanacheka. Wengine wanataja kabila, na likishatajwa kibandani, kweupe, mara nyingi maneno yanapoa yenyewe, kwa sababu daima kuna mtu ambaye mke wake ametoka huko. Lakini ladha inaharibika, nakubali. Wateja wangu kadhaa wamehamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, mwenye spika kubwa kuliko yangu na asiyeuliza maswali.

Niliungama. Mompe hakunipa rozari, aliniambia nirudishe redio. Nimeulizia kwa akina mama wa maziwa na kwa watu wa maboti. Mmoja anasema kijana alirudi Vyura, mwingine anasema alivuka hadi Kigoma, wa tatu anaapa alimwona Lubumbashi. Kila baada ya miezi michache naishusha redio, natoa mawe yasije yakavuja na kula vyuma, napangusa vumbi.

Jioni ileile aliyoniachia, nilipomaliza kuunganisha waya, niliiwasha kuijaribu. Nilidhani nitasikia muziki. Sindano ya masafa ilikuwa palepale alipoizoea mwenyewe: stesheni ya kipindi cha simu, na mtangazaji anamwomba mtu apunguze redio yake. Sindano ile sijaisogeza.