Mtani Asiyewajua Watani Wake

Kila jamii ina watu wake wa kuchekesha, na kila jamii huwapa watu hao uhuru ambao haiwapi wengine. Mchekeshaji huruhusiwa kutamka hadharani lile ambalo mwingine akilitamka ataambiwa hana adabu. Uhuru huo una mipaka, nayo aghalabu haikuandikwa popote. Yajulikana na wote walioketi pamoja, kwa sababu wameketi pamoja. Swali tunalotaka kulichunguza katika insha hii ni hili: uhuru huo huwa wa namna gani pale mchekeshaji anapokuwa peke yake chumbani, na wasikilizaji wake wakawa watu milioni mia moja asiowajua hata kwa sura?

Hatuliulizi swali hili hewani. Yupo mtu tunayemkusudia, na wanafunzi wetu wengi humjua kuliko wanavyowajua baadhi ya waandishi wa vitabu wanavyovisoma darasani. Jina lake ni Felix Kjellberg, Mswidi aliyezaliwa katika mji wa Gothenburg mwaka 1989, ajulikanaye kwa jina alilojipachika mwenyewe la PewDiePie. Mwaka 2010 alifungua chaneli katika mtandao wa YouTube. Mwaka uliofuata akaacha masomo yake katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Chalmers, akawa anauza soseji kibandani ili apate riziki huku akiendelea kutengeneza video zake. Kazi yenyewe ilikuwa kucheza michezo ya kompyuta, hasa ile ya kutisha, kama vile Amnesia: The Dark Descent uliotengenezwa hukohuko Uswidi, huku kamera ikimwonyesha uso wake pembeni mwa kioo. Zimwi likitokea gizani, yeye hupiga mayowe, huruka kitini, huapa, kisha hucheka. Na mtazamaji hucheka naye. Mnamo Agosti 2013 chaneli hiyo ikazipita nyingine zote duniani kwa wingi wa watu waliojiandikisha kuifuata, na mnamo Agosti 2019 ikavuka watu milioni 100, jambo ambalo hapana mtu binafsi aliyepata kulifikia kabla yake.

Wapo wazee, na wapo walimu pia, waulizao kwa mshangao ni starehe gani hiyo ya kumtazama mtu mwingine akicheza. Hoja hiyo haitushughulishi sana. Nani miongoni mwetu hajapata kusimama nyuma ya wachezaji wa bao, akaguna kwa kete asiyoihamisha yeye, akamcheka aliyepoteza, na magharibi ikamkuta palepale? Kutazama mchezo ni sehemu ya mchezo. Tofauti iko mahali pengine. Mchezaji wa bao akiinua macho huwaona waliomzunguka: anamwona mjomba wake, anamwona mgeni aliyefika jana, anamwona mtoto aliyepaswa kuwa shuleni. Neno lake hulipima kwa nyuso hizo. Kjellberg akiinua macho huona kioo cha kamera.

Hata hivyo alisema nacho kioo hicho kana kwamba ni ndugu. Watazamaji wake aliwaita kaka zake, na kwa miaka mingi alizoea kumalizia video kwa kuinyoosha ngumi kuelekea kwenye kamera, kana kwamba anagonga ngumi ya kila mtu aliyekuwa upande wa pili. Hapo ndipo ilipo siri ya kupendwa kwake, wala haimo katika ustadi wa kucheza, maana wachezaji hodari kuliko yeye walikuwa wengi. Kijana aliyejifungia chumbani, asiye na wa kuzungumza naye, alipata sauti iliyomwamkia kila siku. Hatusemi kwamba kijana huyo alidanganywa. Sauti ilikuwa ya kweli, na kicheko kilikuwa cha kweli. Kilichokosekana ni kwamba salamu ilikwenda bila kurudi: mmoja alijua hata jina la mbwa wa mwenzake, na mwenzake hakujua kama yeye yupo duniani.

Sisi tunalo neno la kulipimia jambo hili, nalo ni utani. Babu humtania mjukuu na kumwita mume wa bibi yake. Shemeji humtania shemeji. Mnyamwezi humtania Mzaramo, na Mhehe humtania Mngoni, na katika mzaha huo husemwa maneno ambayo yangesemwa na mtu baki yangeleta ugomvi, pengine na kesi. Wageni husikia maneno hayo wakadhani utani ni ruhusa ya kutukana. Kwa hakika utani ni mapatano. Kwanza, pande zote mbili zajijua kuwa ni watani. Hapana anayetaniwa pasipo naye kuwa na haki ya kutania. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, utani huja na kazi. Msiba ukitokea mtani ndiye afikaye na kushika shughuli, akafanya kazi ambazo wafiwa kwa uchungu wao hawaziwezi, akawachekesha hata kaburini. Mtu ana haki ya kukucheka maadamu ana wajibu wa kukuzika. Kitenge haki hiyo na wajibu huo, na kitakachobaki hakitastahili kuitwa utani.

Basi tuyatazame kwa kipimo hicho mambo yaliyotokea mwaka 2017. Mnamo Januari mwaka huo Kjellberg alionyesha video juu ya tovuti ambamo watu hufanya kazi ndogondogo kwa malipo ya dola tano. Aliwalipa vijana wawili wa India, nao wakainua mbele ya kamera bango lenye maneno ya kuwatakia Wayahudi wote kifo, huku wakicheka na kucheza. Gazeti la Wall Street Journal lilipochapisha habari za video hiyo na nyinginezo mwezi Februari, kampuni ya Maker Studios iliyokuwa mali ya Disney ilivunja uhusiano wake naye, na YouTube ikafuta kipindi walichokuwa wakikitengeneza pamoja. Kjellberg alijitetea kwamba alitaka kuonyesha upuuzi wa tovuti yenyewe, yaani jinsi watu wawezavyo kufanya lolote kwa dola tano. Alikiri kwamba alivuka mpaka, ila akawalaumu waandishi wa habari kwa kuyaondoa maneno yake mahali pake.

Utetezi huu haufai kupuuzwa, kwani wengi waliosoma habari hizo hawakuiona video yenyewe. Yawezekana kabisa kwamba hakumchukia Myahudi hata mmoja. Lakini nia ya mtu hujulikana kwa uso wake, kwa sauti yake, na kwa miaka ambayo tumekuwa majirani. Watazamaji milioni hamsini hawana ujirani huo. Miongoni mwao walikuwamo watoto wasiojua kwamba Wayahudi milioni sita waliuawa na utawala wa Hitler. Walikuwamo Wayahudi waliopoteza babu na bibi zao katika mauaji hayo. Na walikuwamo wenye chuki hasa, ambao walisikia mzaha uleule wakacheka kicheko kingine. Tovuti moja ya wafuasi wa Unazi ilimsifu. Yeye hakuwa na njia ya kuvitofautisha vicheko hivyo, kwa kuwa vyote vilimfikia vikiwa tarakimu.

Kuna jambo katika kisa hiki ambalo wachambuzi wengi walilipita haraka, na kwetu sisi lina uzito wake. Bango hakuliinua yeye. Liliinuliwa na vijana wa nchi maskini kuliko yake, waliosema baadaye kwamba hawakuyaelewa maneno yale, wakaomba radhi. Mtu aliyekuwa akipata mamilioni ya dola kwa mwaka alitaka kuthibitisha kwamba maskini atafanya lolote kwa dola tano, akathibitisha kwa kumfanya alifanye. Mtani wa kweli hutukana kwa kinywa chake. Hamwajiri mpita njia.

Mwezi Septemba mwaka huohuo, akiwa anacheza mchezo wa vita mbele ya maelfu waliokuwa wakimtazama wakati uleule, alimkasirikia mpinzani akatoa tusi la kibaguzi, lile wanalotukanwa nalo watu weusi. Alitubu hadharani, akasema limemponyoka katika joto la mchezo. Twaamini kwamba lilimponyoka. Lakini lililomo kinywani kwa mazoea ndilo liponyokalo. Hakuna aponyokwaye na neno la lugha asiyoizungumza. Kijana wa Kiafrika aliyekuwa akimwita kaka alijifunza siku ile kwamba katika kundi hilo la ndugu palikuwa na jina lililowekwa akiba kwa ajili yake.

Hadi hapa hukumu si ngumu sana, kwa maana aliyesema ni yeye. Ugumu waanza pale wanaposema wengine kwa jina lake. Mwishoni mwa mwaka 2018 chaneli yake ilikaribiwa na ile ya T-Series, kampuni ya muziki na filamu ya India iliyoanzishwa mwaka 1983. Wafuasi wake walilichukua jambo hilo kama vita. Wito wa kuwahimiza watu wajiandikishe kwa PewDiePie ukaenea kila mahali, mwanzoni kwa mzaha tu. Mtu mmoja akaingia kwa hila katika mashine za kuchapia zipatazo 50,000 katika nchi mbalimbali, akazifanya zichape wito huo. Mwingine akauandika kwenye mnara wa kumbukumbu ya waliokufa katika Vita Kuu ya Pili, huko Brooklyn. Dhihaka dhidi ya Wahindi zilipozidi, Kjellberg aliwakemea wafuasi wake, na mwezi Desemba akachangisha fedha kwa ajili ya watoto wa India. Twalitaja hili kwa kuwa ni haki yake litajwe.

Kisha, tarehe 15 Machi 2019, mtu mwenye bunduki aliingia katika misikiti miwili ya mji wa Christchurch, New Zealand, wakati wa sala ya Ijumaa, akawaua Waislamu 51. Alikuwa akiyarusha mauaji hayo moja kwa moja katika mtandao. Kabla ya kuanza, aliwahimiza watazamaji wake wajiandikishe kwa PewDiePie.

Je, Kjellberg ana lipi katika damu ile? Walimu wakiliuliza swali hili darasani wataona wanafunzi wanagawanyika mara moja, na kila upande una neno la haki. Lugha yetu hutusaidia hapa, kwani ina maneno mawili ambayo hatupaswi kuyachanganya: hatia na dhima. Hatia ni ya aliyetenda. Katika mauaji ya Christchurch hatia ni ya muuaji, na kumpa mwingine sehemu ya hatia hiyo ni kumpunguzia muuaji mzigo wake. Pengine ndilo alilolitaka alipotaja jina la mtu mashuhuri. Dhima ni kitu kingine. Dhima humwangukia mtu kwa sababu kitu kiko mikononi mwake, ajapokuwa hakukosa. Mwenye ng'ombe hakulila shamba la jirani, lakini ng'ombe ni wake.

Kjellberg mwenyewe, kwa maoni yetu, alilifahamu hilo, ingawa alikawia. Siku ya mauaji aliandika kwamba imemkirihisha mno kusikia jina lake likitamkwa na mtu yule. Tarehe 28 Aprili alitoa video akiwaomba wafuasi wake waukomeshe wito ule kabisa, na akaitaja pia aibu ya mnara wa Brooklyn. Wakati huo T-Series ilikuwa imekwisha kumpita, kwa hiyo hapakuwa na faida ya kupoteza. Wapo wanaosema kwamba aliacha vita alivyokwisha kushindwa. Sisi twalihesabu tendo hilo kuwa bora kuliko maombi yake yote ya radhi ya mwaka 2017, kwa sababu wakati ule alijibu juu ya alilolifanya, na safari hii alijibu juu ya asilolifanya.

Lakini yule awezaye kuliambia kundi lisimame, je, aweza kuliambia liende? Mwezi Septemba 2019, baada ya kuvuka watu milioni 100, Kjellberg alitangaza kwamba atatoa dola 50,000 kwa Anti-Defamation League, shirika la Marekani linalopinga chuki dhidi ya Wayahudi. Kwa mtu aliyelipia lile bango miaka miwili iliyotangulia, zawadi hiyo ilikuwa na maana ambayo hata mtoto angeielewa. Wafuasi wake wengi hawakuipokea. Walinung'unika, wakadai kwamba amelazimishwa, hata wakatafuta katika video yake ishara za siri za mtu aliyetekwa. Haikupita siku nyingi akatoa video nyingine, akasema kwamba alikosea kulichagua shirika aliloshauriwa na wengine pasipo yeye mwenyewe kulijua vema, na kwamba atatafuta jingine.

Huenda sababu aliyoitoa ilikuwa ya kweli. Tangu mwaka 2022 anaishi Japani pamoja na mkewe, na mwaka 2023 wakapata mtoto. Video zake ni chache, na nyingi zahusu maisha ya nyumbani. Mwezi Novemba 2022 Mmarekani ajulikanaye kwa jina la MrBeast alimpita kwa wingi wa waliojiandikisha. Ngumi ile haijanyooshwa mara nyingi siku hizi, na zaidi ya watu milioni 100 bado wameandikwa katika chaneli yake, kila mmoja akimjua kwa jina.