Uzee hauna dawa, mtoto wa jicho anayo

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyetutoa matumboni mwa mama zetu tukiwa hatujui lolote, akatujaalia masikio, macho na nyoyo ili tupate kumshukuru. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani, leo naomba nizungumzie jambo la nyumbani kwetu. Lina aibu ndani yake, na aibu yenyewe ni yangu.

Mjomba wangu ni mwalimu wa madrasa Lugoba, ile njia ya kwenda Segera ukishaiacha Chalinze. Wengi wanaijua Lugoba kwa malori ya kokoto na vumbi lake. Sisi Wakwere ukoo tunauhesabu kwa mama, kwa hiyo mjomba kwangu si kaka wa mama tu. Ndiye aliyenifundisha alifu na bei, ndiye aliyekwenda kuniposea, na nikikosea mpaka leo ndiye mwenye haki ya kunigombeza mbele ya watoto wangu.

Miaka mitatu iliyopita alianza kulalamika kwamba msahafu wake umefifia wino. Nikamnunulia Kariakoo msahafu wa maandishi makubwa. Baada ya miezi kadhaa huo nao ukafifia. Nikamwambia, "Mjomba, twende Dar es Salaam ukaonwe macho." Akacheka, akanikumbusha Hadithi ya Usama bin Sharik iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi. Mabedui walimuuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, naye akawaambia wajitibu, kwani Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa mmoja tu: uzee. "Sasa mwanangu," akasema, "mimi nimezeeka. Unataka kunipeleka wapi?" Halafu akaniongezea ile Hadithi al-Qudsi iliyomo kwa Bukhari, kwamba mja akipewa mtihani wa kuondolewa macho yake mawili naye akasubiri, malipo yake ni Pepo.

Nikanyamaza. Na niseme kweli kwa kuwa Allah anajua: nilifurahi kunyamaza. Nilishafikiria nauli, hospitali, mgonjwa wa kulala kwangu kwenye chumba na sebule, siku za kuomba ruhusa kazini. Ile Hadithi, au tuseme vile tulivyoielewa, iliniokolea gharama.

Shaaban iliyopita nikaenda kumsalimia. Nikamkuta barazani, watoto wamekaa kwenye mkeka, msahafu uko juu ya marfaa mbele yake. Anasoma, sauti ileile, tajwidi ileile. Nikaona watoto wanafinyana na kuziba midomo. Nikasogea. Msahafu ulikuwa umewekwa juu chini! Mtoto mmoja mtundu ndiye aliyeugeuza. Mzee alikuwa akifungua kurasa na kusoma kwa hifadhi, hajui kama maandishi yamesimama au yamepinduka. Sikuwa na la kumwambia yule mtoto. Yeye aligeuza msahafu siku moja. Mimi nilikuwa nimeuacha gizani miaka mitatu.

Tuirudie basi Hadithi. Mtume (S.A.W.) aliulizwa kuhusu kujitibu, na jibu lake la kwanza ni amri ya kujitibu. Hilo ndilo shina. Sisi tumelirukia lile neno la mwisho, tukaling'ang'ania, tukaliacha la mwanzo. Wanazuoni wameeleza kwamba uzee umefananishwa na ugonjwa hapo kwa sababu kinachoufuata ni mauti, na mauti hayana mganga. Lakini je, kila kinachompata mzee ni uzee? Mzee akivunjika mguu tutasema uzee hauna dawa? Akipata malaria je?

Mtoto wa jicho ni hivi. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna kioo kidogo laini ambacho Allah amekiumba kwa maji na protini, zilizopangwa kwa utaratibu wa ajabu mpaka nuru inapita bila kizuizi. Miaka inavyokwenda, protini zile hushikana na kugandana, na kioo kinakuwa kama dirisha la bafuni. Ni kweli umri ndio sababu kubwa. Lakini wapo watoto wachanga wanaozaliwa nao. Mtoto wa siku moja naye amezeeka? Basi ni maradhi, na maradhi hayo yana dawa: kile kioo kilichochafuka hutolewa, kikawekwa kingine cha plastiki, mara nyingi kwa ganzi ya jicho tu, na mgonjwa akarudi kwao siku ileile au ya pili yake.

Nani walioanza kuitafuta dawa hiyo kwa bidii? Hapa ndipo ninapochoka na sisi Waislamu. Tunajua kutaja majina ya wanazuoni wetu wa zamani kwenye makongamano, basi. Miaka elfu moja iliyopita Ammar bin Ali wa Mosul, Iraq, alifanya kazi Misri katika zama za mtawala al-Hakim. Waganga waliomtangulia walikuwa wakilisukuma lile tope kando kwa sindano, libaki humohumo ndani ya jicho. Yeye akaandika kitabu kinachoeleza namna ya kulifyonza kwa sindano yenye tundu. Katika zama hizohizo, hukohuko Misri, Ibn al-Haytham aliandika juu ya nuru na namna jicho linavyoona. Je, watu hawa hawakuwa na Hadithi ya Usama? Walikuwa nayo, na waliielewa kwamba ukiambiwa dawa ipo, kazi yako ni kuitafuta.

Walioipokea kazi ile wakaiendeleza. Mwaka 1949 daktari Mwingereza, Harold Ridley, aliweka kioo cha plastiki ndani ya jicho la mgonjwa jijini London. Alikuwa ameona kwamba marubani wa vita waliorukiwa machoni na vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege hawakuoza macho. Jicho liliivumilia ile plastiki. Wenzake walimpinga kwa miaka mingi. Leo hakuna hospitali ya macho isiyofuata njia yake.

Msidhani utafiti uko Ulaya tu. Pale Moshi, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwafuata wazee wenye mtoto wa jicho ili wajue kwa nini wengine hawaji kufanyiwa upasuaji hata huduma ikiwepo. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2005. Nilipoyasoma niliona kama wameandika habari zangu. Walikuta kwamba uamuzi wa kwenda hospitali si wa mzee peke yake, ni wa familia. Mzee hutegemea mtu wa kumlipia na wa kumpeleka, na wengi huona tabu kuomba wasije wakawaelemea watoto. Mzee hasemi, mtoto haulizi, na kila mmoja anaita ukimya wa mwenzake subira.

Na subira ya kweli ni ipi? Nabii Yaaqub (A.S.) macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya kumlilia Yusuf. Someni Suratu Yusuf, aya ya 84. Yeye ndiye aliyetamka ile subira njema tunayoitaja kwenye kila msiba. Lakini mara tu baada ya hapo, aya ya 87, akawaamrisha wanawe waende wakatafute, wala wasikate tamaa na rehma ya Allah. Alisubiri huku akituma watu. Na kanzu ya Yusuf ilipoletwa ikawekwa usoni mwake, hakusema kwamba yeye ni mzee wamuache. Aliona tena, kwa idhini ya Allah.

Haya ndiyo niliyomwambia Mjomba usiku ule, na hoja ya Yaaqub ndiyo iliyomshinda. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Haya, niletee hiyo kanzu."

Jambo moja nilitaje kwa haraka kwa sababu linaharibu watu. Kabla sijafika, jirani alishampa maji ya majani ya kutia jichoni, na mwingine asali. Asali ina shifaa, Qur'an imesema, lakini hatukuamrishwa kuimwaga machoni. Madaktari waliochunguza wagonjwa wenye vidonda vya kioo cha mbele cha jicho hapa Tanzania, katika ripoti ya mwaka 1994, walikuta takriban robo yao walikuwa wametumia dawa za kienyeji za macho. Na wauza matone wanaodai kumyeyusha mtoto wa jicho wasiwadanganye. Mwaka 2015 kulikuwa na habari za matone yaliyojaribiwa kwa mbwa na kuleta matumaini, lakini kwa binadamu mpaka leo hayajathibitika. Dawa ni upasuaji.

Tukafika hospitali, Dar es Salaam. Daktari akampima, akakaa kimya, akanitazama mimi. Jicho la kulia ni mtoto wa jicho, linatibika. La kushoto lina presha ya jicho, na limekwisha.

Hapa naomba msomaji usinipite haraka. Presha ya jicho si mtoto wa jicho. Mara nyingi maji ya ndani ya jicho hayatoki inavyopasa, msukumo unapanda, na ule mshipa unaopeleka habari kwenye ubongo unakufa kidogo kidogo, bila maumivu, kuanzia pembeni. Kilichokufa hakirudi. Tiba yake ni kuzuia kilichobaki kisife, na hapo ndipo wakati unapokuwa mali. Mwaka 2021 ilichapishwa kazi iliyofanyika KCMC, Moshi, kwa wagonjwa 201. Baadhi walipewa matone ya timololi, ya kutia mara mbili kila siku. Wengine walipigwa mwanga wa leza, kazi ya dakika chache. Baada ya mwaka mmoja, katika kila macho 100 ya waliopigwa leza, 61 presha yake ilikuwa imeshuka inavyotakiwa. Kwa waliotumia matone ni 31 tu. Fikirieni mzee wa kijijini anayetakiwa kununua chupa ya matone maisha yake yote, na mwenzake anayepigwa leza kwa safari moja, pengine mbili. Utafiti huo umefanywa na Watanzania pamoja na wenzao wa nje, juu ya Watanzania, kwa ajili ya watu kama Mjomba. Mimi nilipokuwa nafurahia ukimya wangu, matokeo yalikuwa yamekwishatoka.

Wenzetu huko Ulaya wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba wazee walioharibika sehemu ya katikati ya pazia la nyuma ya jicho waliwekewa kijisahani cha milimita 2 kwa 2, wakavaa miwani maalumu, na kati ya 32 waliofuatiliwa mwaka mzima, 26 uwezo wao wa kuona herufi uliongezeka. Allahu Akbar. Lakini mimi sikuhitaji kijisahani hicho. Nilihitaji nauli ya kwenda na kurudi na mtu wa kuuliza, "Mjomba, unaona?"

Na wengine hawahitaji hata upasuaji. Uchunguzi uliofanyika Zanzibar na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta karibu watu 9 katika kila 10 wenye miaka 40 na zaidi wana shida ya kuona vitu vya karibu, na chini ya mmoja katika watano wa wenye shida hiyo ndiye aliyekuwa na miwani ya kumfaa. Wangapi kati yetu wameacha kusoma Qur'an wakidhani ni uvivu wa imani, kumbe ni miwani tu? Misikiti yetu ina kapeti nzuri na spika zinazosikika mtaa wa tatu. Sijui kwa nini haina sanduku la miwani pembeni ya rafu ya misahafu.

Jicho la kulia la Mjomba lilifunguliwa bandeji asubuhi. Aliangalia mikono yake kwanza, akaigeuza, kisha akaniangalia mimi. "Umezeeka," akasema. Tukacheka. La kushoto hakuliuliza mpaka tulipokuwa ndani ya basi, tumekwishavuka Kibaha. Nikamweleza, pamoja na habari ya miaka mitatu. Alinyamaza mpaka Mlandizi. Kisha akasema ile Hadithi ya subira sasa ndiyo mahali pake, kwa jicho lile, na kwamba mimi nitafute msamaha kwa Allah kwani yeye amekwishanisamehe.

Tulipofika Lugoba, mkaza mjomba alitoka jikoni kutupokea. Alikuja akipapasa ukuta kwa mkono, taratibu, kama alivyokuwa akifanya siku zote, na sisi sote tulikuwa tumezoea. Mjomba akasimama uani akimtazama. Wataalamu wameandika tangu mwaka 2002 kwamba katika nchi nyingi zinazoendelea wanawake wanaofikishwa kwenye upasuaji wa mtoto wa jicho ni wachache kuliko wanaume ukilinganisha na mahitaji yao, na mimi nilikuwa nimeyasoma hayo, nikampandisha basi mwanamume peke yake. Mjomba akanigeukia, akauliza, "Na huyu, nani alimuuliza?"

Tumepangiwa Jumanne, Inshaallah. Safari hii tunakwenda na majirani wawili, wote akina mama.

Wabillahi tawfiq.