Dirisha la Josef Sudek

Josef Sudek, mpigapicha wa Prague, alipoteza mkono wake wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1940, mji wake ukiwa umekaliwa na Wajerumani na kupiga picha barabarani kukiwa na hatari, aliielekeza kamera kwenye dirisha la studio yake. Akaendelea nalo hadi 1954. Dirisha lilelile! Kioo kimelowa ukungu, matone yanateremka, na nje mti uliopinda unaonekana kwa shida. Siku nyingine ni glasi ya maji tu ukingoni mwa dirisha. Mwanga ndio uliomfanya arudi, maana wa leo si wa jana.

Nampenda sana mzee huyu, kwa sababu wapigapicha wengi tunasubiri safari ya mbugani au harusi ya kifahari ndipo tuone cha kupiga. Nawe mwenye simu mkononi, kabla hujatoka, tazama mvuke wa chai unavyopita kwenye mwanga wa dirishani. Zima flashi, sogea karibu, subiri kidogo. Kisha piga.