Tega Fumbo, Mtaa Uitike

Wewe uliye Umoja, Kayole, Dandora au Jericho, huku Eastlands, Nairobi, unayetamani kuendesha mchezo wa kuigiza wa mezani lakini bado unangoja upate kitabu kinene cha sheria, dadu za pande 20 na ramani za kupendeza: acha kungoja. Unachohitaji ni watu wanne, meza, saa mbili za mchana na fumbo lililotegwa vizuri. Anza na fumbo, usianze na vita.

Nasema hivyo kwa sababu nimeona wageni wakipotezwa dakika za mwanzo. Mchezo wenyewe ni rahisi kueleza: mmoja anasimulia, wengine kila mmoja anabeba mhusika wake na kusema atafanya nini, kisha dadu inaamua pale mambo yanapokuwa ya bahati. Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons kule Marekani mwaka 1974, walichapisha nakala 1,000 tu, na leo mchezo huo umezaa ukoo mzima. Lakini mgeni akikaribishwa kwa mapigano, anakutana na hesabu kabla hajakutana na hadithi. Anasubiri zamu, haelewi dadu ipi ni ipi, na punde mkono unakwenda kwenye simu. Fumbo halimdai sheria hata moja. Linamdai akili aliyotoka nayo nyumbani, na akili Eastlands haijawahi kupungua.

Sisi tunalijua hili tangu utotoni. Mtu anasema "Kitendawili!", watu wanaitika "Tega!", anatega. Sasa kumbuka kinachotokea wote wakishindwa. Mtegaji hanyamazi wala hawafukuzi. Anadai mji. Wanampa Mombasa, wanampa Kisumu, anaupokea kwa madaha, anasimulia alivyofika huko na walivyompokea, kisha anatoa jibu na kitendawili kingine kinafuata. Kushindwa kuna gharama, na gharama yenyewe inazaa hadithi mpya. Hakuna aliyeaibika, na hakuna aliyekwama.

Huo ndio ufundi wote wa kuwategea wanaoanza. Wakishindwa kufungua mlango wa pango, mlango ufunguke kwa gharama: taa inazimika, mlinzi anaamka, au jini wa mlangoni anadai jina la mmoja wao na kuondoka nalo. Hadithi isonge mbele. Msimulizi anayewaacha watu dakika 40 mbele ya mlango uliofungwa, huku yeye anatabasamu kwa kuwa anajua jibu, ameua mchezo kwa mikono yake. Gygax aliandika Tomb of Horrors, akaiendesha kwenye mashindano mwaka 1975 na ikachapishwa 1978: kaburi la mitego lililokusudiwa kuwatoa jasho wazoefu. Ni kazi mashuhuri. Usimpelekee mtu anayecheza kwa mara ya kwanza.

Kisa cha kuanzia unacho, tena cha kwetu. Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili, amefungwa gerezani Pate, na mfalme anataka auawe. Mama yake analeta chakula, lakini walinzi wanakula vile vinono na kumwachia makapi. Ndipo Liyongo anamtungia mama yake ujumbe wa mafumbo, anaupitisha kwa kijakazi Saada, na mama anaoka mkate wa wishwa wenye tupa ndani yake. Walinzi wanaudharau mkate huo, wanamrushia. Imebaki sauti ya chuma kikikatwa, na hiyo inafunikwa na kishindo cha ngoma anayoomba ichezwe nje.

Wape wachezaji wako shida hiyo, usiwape jibu. Wao ni marafiki wa Liyongo nje ya gereza: mhunzi, mvuvi, mganga, mpiga ngoma. Tupa iingie vipi? Kelele zifunikwe na nini? Nakuhakikishia kuna atakayeleta njia usiyoiwaza. Mmoja atataka kufunga tupa kwenye mguu wa mbuzi, mwingine atasingizia harusi jirani na gereza. Ikiwa inaingia akilini, ikubali papo hapo, rusha dadu ya ludo, nne kwenda juu wamefaulu, twende! Ukishikilia jibu moja uliloliandika daftarini, unawageuza wachezaji kuwa watahiniwa, na mitihani wanayo ya kutosha shuleni.

Kwa vitu vya kushika, mtaa wenyewe ni ghala. Chukua karatasi, ipake majani chai, ianike. Andika kwa kinyume, silabi ya mwisho ikitangulia: "nichi ya weji". Halafu weka njiani ajuza anayelalamika kwamba siku hizi watu wanatanguliza mkia kabla ya kichwa. Utamsikia kijana mmoja akinong'ona, "chini ya jiwe", na meza nzima itaruka.

Au nunua kufuli la tarakimu tatu, lipitishe mkono kwa mkono, na kijikaratasi kisemacho: kwanza Buruburu, kisha Eastleigh. Mtoto wa huku, aliyekua akisikia makanga wakiita matatu namba 58 na 9, atazungusha 5, 8, 9 bila kuambiwa. Lakini usitegemee kidokezo kimoja. Mmarekani Justin Alexander alishauri mwaka 2008 kwamba kila jambo unalotaka wachezaji waligundue uliwekee vidokezo vitatu, na ushauri huo ni dhahabu. Kwa hiyo chora pia matatu yenye namba ukutani mwa pango, na mweke mzee mmoja aliyewahi kuwa dereva. Atakayekosa kimoja atanasa kingine.

Na yule mkimya anayekaa pembeni? Kata ujumbe vipande vinne, kila mtu apewe chake, na sharti liwe moja tu: soma kwa sauti, usionyeshe. Mwenye maneno mengi hawezi tena kumaliza fumbo peke yake. Binti aliyekuja kumsindikiza kaka yake anajikuta ameshika kipande ambacho bila hicho hakuna anayetoka gerezani, na wote wamemgeukia. Kwangu mimi hili ni kubwa kuliko dadu na majoka yote.

Mahali hapatukoseshi usingizi. Maktaba za Kaloleni na Makadara ni matawi ya McMillan, maktaba iliyofunguliwa mjini mwaka 1931, na Book Bunk, shirika lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka mwaka 2017, limezifufua. Nenda uongee na mkutubi. Asipokuwa na nafasi, kuna kumbi za jamii, kuna kanisa, kuna msikiti, kuna veranda ya ploti yenu. Ukitaka sheria kamili baadaye, msingi wa sheria za Dungeons & Dragons uliachiwa umma bure Januari 2023, kwa leseni inayokuruhusu hata kutunga visa vyako na kuviuza, mradi utaje chanzo. Fikiria visa vya Dandora, mtaa uliowapa Wakenya kundi la rap la Kalamashaka, vikichezwa kwa Kiswahili na Sheng na watoto wa Mathare, wa Mombasa, wa Dar es Salaam. Nani atavitunga kama si wewe?

Usingoje uwe hodari. Andika fumbo moja usiku wa leo, uliwekee vidokezo vitatu na gharama ya kushindwa. Kesho waalike wanne, na angalau mmoja awe hajawahi kucheza. Jumamosi saa nane mchana, keti nao, tega.